Mbwa wa Ng'ambo ya Minyaa

Juzi nilipita kwenye duka la vyakula vya mifugo kumnunulia mama mkwe pumba za kuku wake. Muuzaji ndiyo kwanza alikuwa anafungua gunia la mashudu ya pamba, na ile harufu nzito, yenye mafutamafuta, kama karanga zilizosahauliwa kikaangoni, ikanijia usoni. Muuzaji akaniuliza nataka kilo ngapi. Sikuwa dukani tena. Nilikuwa Bariadi, nyuma ya nyumba yetu, nimekaa juu ya gunia la mashudu na magoti nimeyakunja hadi kidevuni, jicho limebanwa kwenye upenyo wa ua wa minyaa. Na ng'ambo ya ule ua kuna mbwa ananitazama.

Tulikuwa tunakaa pembezoni mwa mji, upande wa barabara ya kwenda Ngulyati, mahali ambapo nyumba za bati zinapungua na mashamba ya pamba yanaanza. Baba alikuwa kibarua kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Msimu ukifika alirudi nyumbani jioni akiwa na nyuzi nyeupe kwenye nyusi, nasi tukimcheka kwamba amezeeka tangu asubuhi. Mashudu aliyaleta kwa ajili ya ng'ombe wetu mmoja wa maziwa, na magunia yakapangwa nyuma ya nyumba, yakiegemea ule ua. Hapo ndipo palipokuwa kiti changu. Mama alinionya kila mara nisivunje matawi ya minyaa, kwamba utomvu wake ukiingia machoni ni upofu, kwa hiyo nilijifunza kuchungulia bila kugusa, nikiwa nimeshika mikono yangu mwenyewe mgongoni kama mfungwa.

Majirani wetu wa ng'ambo walikuwa wageni. Walikuja wawili, mume na mke, wakapanga nyumba ya mwalimu mmoja aliyehamishwa. Mume alikuwa utingo wa malori ya pamba, mtu wa kucheka kwa sauti na kupiga mluzi. Mke alikuwa mtu wa Kalemela, kule ziwani, mwembamba, mpole, na hakukaa sana akajifungua mtoto wa kike, Mhoja. Tangu hapo mtaa mzima ukamwita Mama Mhoja. Hawakuwa na bomba, kwa hiyo alikuja kuteka maji kwetu, na mara nyingi ndoo ilijaa ikamwagika huku yeye na mama wakiendelea kuzungumza.

Mbwa aliletwa na mume. Alikuja naye kwenye boksi, kitoto cha rangi ya udongo chenye sikio moja lililolala. Alisema anasafiri sana, nyumba inahitaji mlinzi. Akamfunga kwenye mwarobaini ulioota karibu na ua wetu, mnyororo shingoni, kufuli juu ya mnyororo. Kisha akaendelea na safari zake. Safari moja ikawa ndefu. Watu walisema amekwenda machimboni Geita. Wengine walisema ana nyumba nyingine Shinyanga. Mama alinikataza kusikiliza, lakini yeye mwenyewe alikuwa akisikiliza huku anapepeta mchele polepole kuliko kawaida.

Mbwa akakua. Hilo nililiona mwenyewe kupitia upenyo wangu. Miguu ilirefuka, mbavu zikatokeza, na lile sikio lililolala likabaki limelala. Mnyororo haukukua naye. Tena Mhoja alipoanza kutambaa, mnyororo ulifupishwa. Kijana mmoja wa mtaani aliitwa, akauzungusha kwenye mti hadi ukabaki mfupi, na mbwa akawa na duara dogo tu la kutembelea. Alilizunguka lile duara mchana kutwa hadi akachimba mfereji. Mvua iliponyesha ule mfereji ulijaa maji, na nilimwona akiyanywa.

Jambo lililonishangaza zaidi lilikuwa chakula. Kati ya ule mti na mlango wa nyuma wa nyumba yao kulikuwa na ugali umetapakaa chini, mabonge makavu yenye nyufa, mengine yameota ukungu, na sisimizi wamejenga njia zao. Yote yalikuwa nje ya lile duara, hatua chache tu kutoka pale mnyororo ulipokuwa unaishia. Mbwa alikuwa anajivuta hadi shingo inamrefuka, anatoa ulimi, halafu anarudi kulala. Nikafikiri kwa akili zangu zote za darasa la pili, nikapata jibu. Nyumbani kwetu, aliyekosa alinyimwa chakula kitamu lakini kiliwekwa pale anapokiona, juu ya kabati, ili akifikirie. Basi huyu mbwa alikuwa ameadhibiwa. Nilichojiuliza ni alikuwa amefanya kosa gani, na kwa nini jioni inafika na hajasamehewa. Kwetu adhabu zote ziliisha jioni.

Siku moja nilimwona Mama Mhoja anaanika nguo kwenye kamba ya mbele, nikazunguka ua nikamfuata.

"Shikamoo, Mama Mhoja."

"Marahaba, Kabula. Hujambo?"

"Sijambo. Mbwa wenu anaitwa nani?"

Akanitazama kama niliyemgusa kwenye jipu. "Hayakuhusu," akasema. "Nenda kwenu ukacheze."

Nikaenda. Wala sikuchukia. Mtaa wetu ulikuwa na mzee mwenye mbwa anayeitwa Mtasema, na njia ya sokoni kulikuwa na mwingine anaitwa Wivu. Nilishazoea kwamba mbwa huitwa maneno ambayo wakubwa wanataka kuwaambia wenzao. Nikaliona ni jina zuri, refu, lenye heshima. Nikarudi kwenye gunia langu, nikaliita kwa sauti ya chini kupitia kwenye minyaa: "Hayakuhusu! Hayakuhusu!" Lile sikio lililosimama likageuka.

Kuanzia hapo tukawa marafiki. Nilitafuta fito ndefu, nikachonga ncha yake kwa kisu cha jikoni, nikawa nachomeka kiporo cha ugali au kipande cha kiazi na kukipitisha taratibu kwenye upenyo. Alikichukua kwa meno ya mbele tu, kwa adabu, kama mtu anayepokea sakramenti. Maji niliyamimina kwenye kipande cha bati nilichokikunja mfano wa mfereji, yakateremka upande wake. Sikumgusa hata siku moja. Mama alishaniambia kwamba mbwa asiyechanjwa haguswi, nami nililiogopa neno "kichaa" kuliko utomvu wa minyaa.

Jioni moja tulikuwa tunakula, baba akaniuliza, "Mtoto wewe, siku hizi unaongea na nani huko nyuma?"

"Na mbwa wa kina Mama Mhoja. Nilimuuliza anaitwa nani."

"Akasemaje?"

"Hayakuhusu."

Tonge la baba likabaki hewani. "Amekwambia hivyo?"

"Ndiyo," nikasema kwa furaha. "Hayakuhusu."

Baba akanawa mkono. Mama akamwambia, "Baba Kabula, acha, kula kwanza," lakini alishasimama. Nikamsikia ng'ambo ya nyumba akiita, na Mama Mhoja akiitika, na kisha maneno yakaanza kupanda. Baba akasema mtu akipewa maji kila siku hapaswi kumtolea mtoto wa mwenzake maneno ya dharau, na kwamba huyo mbwa wanayemtesa analia mchana kutwa hadi watu wanashindwa kupumzika. Mama Mhoja akasema maji ni ya Mungu na mbwa si wa baba. Mtoto akaanza kulia. Baba aliporudi chakula kilikuwa kimepoa, naye hakukigusa.

Mimi nilibaki nikijiuliza kwa nini jina la mbwa limemuudhi baba kiasi kile. Nilidhani labda alitaka aitwe Simba.

Kesho yake Mama Mhoja hakuja kuteka maji. Wala keshokutwa. Tukamwona anapita barabarani, Mhoja mgongoni, ndoo kichwani, akienda hadi pampu ya kule mnadani. Mama alikuwa anasimama mlangoni anamtazama anavyopungua njiani, halafu anaingia ndani. Usiku mmoja nilimsikia akimwambia baba, "Yule ni mtoto wa watu, hana mtu hapa." Baba akajibu kwamba yeye hakumfukuza mtu bombani. Ilikuwa kweli. Lakini nyumba ikawa kimya kwa namna ambayo hata ng'ombe aliijua.

Na kwa mbwa mambo yakawa mabaya zaidi. Maji ya kubeba kutoka mnadani hayana ziada, hata yale ya kuoshea vyombo yaliyokuwa yakimwagwa mlango wa nyuma na kumfikia mferejini yakakoma. Akawa hainuki. Nikimwita alinitazama tu, na mkia ukagonga vumbi mara chache. Kisha ikaja harufu. Kwanza nilidhani ni mashudu yameoza, nikanusa magunia yote. Halafu upepo ukageuka, nikamtazama vizuri shingoni, nikaona nzi. Mnyororo ulikuwa umezama. Hapakuwa na nafasi tena kati ya chuma na mwili. Ngozi ilikuwa imepasuka na kukivimbia kile chuma kama mti unavyoufunika msumari.

Siku hiyohiyo, au pengine ya pili yake, ilipita pikipiki yenye kipaza sauti. Tangazo lilikuwa kwamba kumetokea mbwa mwenye kichaa upande wa Nkololo, ameuma ng'ombe, na kwamba wataalamu wa mifugo wanapita kuchanja mbwa wote. Baada ya hapo, mbwa atakayekutwa hana chanjo atapigwa risasi. Nilikuwa nachota maji. Nikaacha ndoo pale pale chini ya bomba, nikakimbia ndani.

"Mama, watamuua Hayakuhusu!"

"Watamuua nani?"

"Hayakuhusu! Ana kidonda, chuma kimeingia shingoni, ananuka, na watu wa mifugo wanakuja na bunduki!" Nikaanza kulia kilio kile cha kukosa pumzi.

Mama akaniinamia. Nadhani hakunielewa vizuri neno la kwanza, lakini mengine aliyaelewa. Kitu cha kwanza alichofanya kilikuwa kuishika mikono yangu na kuigeuza, kiganja na mgongo wa kiganja, kisha vidole, kisha miguu. "Amekuuma? Amekulamba mahali penye mchubuko? Sema ukweli, mayu, mwanangu." Nikamwambia kuhusu fito. Nikamwonyesha fito yenyewe. Akaitazama ile ncha yangu niliyoichonga, akakishika kifua chake, akashusha pumzi. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akapanda juu ya magunia, akachungulia. Alishuka uso umebadilika.

Mama hakwenda kwa Mama Mhoja. Alikwenda kwa balozi wetu, fundi baiskeli, mtu mnene wa mzaha, mkubwa wa nyumba zetu kumi. Jumapili baada ya ibada balozi akatukusanya kwenye kibaraza cha Mama Mhoja: baba, mama, mimi, yeye mwenyewe, na Mama Mhoja, ambaye alitupangia viti na mikeka bila kututazama usoni. Mhoja alikuwa anatambaa katikati yetu akikusanya viatu.

"Mimi sikuja kuhukumu mtu," balozi akaanza. "Nimesikia majirani hawasemezani, na nimesikia kuna mbwa. Sijui kipi kimemzaa mwenzake. Baba Kabula, anza wewe."

Baba akakohoa. "Balozi, mimi sina ugomvi. Mtoto wangu aliuliza jina la mbwa, kwa adabu tu, akajibiwa jibu la kihuni. Hilo ndilo lililoniuma."

"Nilijibu vibaya," Mama Mhoja akasema haraka, macho chini. "Nilikuwa nimechoka. Lakini kuja kunigombeza mbele ya mtaa mzima, kuhusu maji..."

"Mtoto mwenyewe anasemaje?" balozi akaniuliza. Alidhani anatania tu ili kupunguza moto. "Kabula, wewe shida yako ni nini?"

Nikasimama, kama tulivyofundishwa kusimama darasani. "Shida yangu ni Hayakuhusu ana kidonda shingoni."

Balozi akakunja uso. "Hayamhusu nani?"

"Hayakuhusu. Mbwa. Anaumwa sana, na akinywa maji anakohoa."

Balozi akamtazama baba. Baba akanitazama mimi. "Wewe," akasema taratibu, "siku ile tunakula... ulikuwa unanitajia jina?"

"Si nilikwambia nilimuuliza anaitwa nani?"

Aliyeanza kucheka ni mama. Alijaribu kuziba mdomo kwa ncha ya kanga, ikashindikana. Balozi akafuata, tumbo lote likatikisika hadi kiti kikalia, na baba akainamisha kichwa akakishika kwa mikono miwili, mabega yakimchezacheza. Mimi nilisimama pale nikiwa nimeudhika. Sikuona cha kuchekesha kwenye kidonda.

Mama Mhoja naye alicheka, kidogo, kisha kile kicheko kikamgeukia. Akajifuta machozi, yakaja mengine, na hayakuwa ya kicheko tena.

"Hata jina lake silijui," akasema. "Mwenyewe alikuwa anampigia mluzi tu. Aliniachia mbwa, na ufunguo wa kufuli akaondoka nao mfukoni. Nitamfanyaje? Mimi mbwa nawaogopa. Nilipokuwa mdogo kama huyu, kule kwetu, niliangushwa na mbwa njiani, tazameni." Akapandisha gauni hadi chini ya goti. Misuli ya mguu ilikuwa na shimo ambalo ngozi yake ilikuwa laini na inang'aa. "Ile nyuma ya nyumba siendi. Dirisha la huko nimelifunga. Asubuhi na jioni nafungua mlango, nageuza uso, namtupia ugali, nafunga. Mtoto wangu nampunguzia lakini yeye sijawahi kumnyima. Mnaniona namtesa, lakini mbwa huyu anakula."

Nikafungua mdomo. Mama akanishika bega.

"Mama Mhoja," akasema kwa sauti ya chini, "twende nyuma pamoja. Mimi nitakuwa mbele yako."

Tukazunguka nyumba. Mama Mhoja alitembea akiwa ameishika kanga ya mama kama mtoto. Tulipofika kwenye kona akaona: ugali wa asubuhi, wa jana, wa wiki ile, wa mwezi ule, mabonge juu ya mabonge, na mbwa amelala mbele yake amenyoosha shingo, hafiki. Ndiyo kwanza na mimi nikaelewa. Haikuwa adhabu. Ilikuwa ni mkono wa mtu anayetupa huku amefumba macho.

"Kumbe hafikii," Mama Mhoja akasema. Akarudia tena, kwa Kisukuma safari hii, peke yake. Kisha akaketi chini palepale kwenye vumbi.

Mama akaketi kando yake. "Kwa nini hukusema, mwenzangu? Bombani tumesimama pamoja siku zote zile."

"Ningesema nini? Kwamba mwanaume kaniachia mbwa, na wote wawili wamenishinda?"

Baba aliondoka. Akarudi na ndoo ya maji kutoka kwetu, akaiweka jikoni kwa Mama Mhoja, akarudi na ya pili.

Mtaalamu wa mifugo alikuja siku ya pili, baada ya balozi kumpigia simu. Wote tulimwita bwana mifugo ingawa alikuwa dada kijana mwenye buti za mpira na nywele za mabutu, na yeye aliitika bila kinyongo. Alimtazama mbwa kwa mbali kwa muda mrefu. Akauliza amefungwa hapo tangu lini, na kama kuna mbwa mwingine aliyewahi kufika pale. Alipojibiwa akatikisa kichwa. "Huyu angekuwa na kichaa angekwisha kufa zamani," akasema. "Ana njaa na maumivu. Lakini mwenye maumivu naye anauma."

Kweli. Kila aliposogea mbwa alitoa meno, na ile sauti iliyotoka kifuani kwake ilinifanya hata mimi nirudi nyuma. Balozi alikuwa amekuja na mkasi wake mkubwa wa kukatia vyuma, lakini hakuwa na haraka ya kuutumia.

"Anamsikiliza mtu yeyote?" dada akauliza.

Wakanitazama. Mama akasema hapana kabla hajaulizwa. Wakajadiliana, na mwisho akakubali kwa sharti moja: nikae upande wetu, kwenye gunia langu, na ua ubaki kati yetu.

Nikakaa. Nikaweka jicho kwenye upenyo. "Hayakuhusu," nikaita. "Hayakuhusu, njoo." Sikio likageuka. Akajikokota hadi kwenye ua, akalala, pua yake imeelekea kwangu, nami nikampelekea kiazi kwa ile fito, kipande kidogo kidogo, ili kisiishe. Nyuma yake nikaona buti za mpira zikija polepole, na kanga ya mama iliyokunjwa kuwa kamba. Ghafla ikampita mdomoni na kukazwa. Akaruka, vumbi likapanda, baba na balozi wakamkandamiza, sindano ya ganzi ikaingia, na sauti ya mkasi ikalia, kwa! Mnyororo ukachomolewa taratibu kutoka nyamani, ukaanguka.

Nililia kwa sauti. Sikujua kama ni kwa hofu au kwa furaha, na mpaka leo sijui.

Walimsafisha kidonda kwa maji ya chumvi, wakampulizia dawa ya bluu hadi akaonekana kama amevaa shada, wakamchanja. Kisha dada akaifungua ile kanga mdomoni na wote wakarudi nyuma haraka. Tulidhani atakimbia. Hakukimbia. Alisimama, akayumba, akaanza kutembea kwenye mfereji wake, akizunguka mti kama jana na juzi. Alikuwa huru na hajui. Alizunguka hivyo hadi jua likaanza kushuka. Halafu akasimama pale duara lilipokuwa linaishia, akanyoosha shingo kama alivyozoea, na safari hii mguu ukafuata. Akavuka. Akaenda moja kwa moja kwenye ule ugali mkavu, akaula pamoja na sisimizi wake.

Watu wazima walisimama wanamtazama anavyokula. Baba alisema tu, "Basi," kama mtu aliyetua mzigo kichwani.

Jina halikubadilishwa. Mtaa mzima ulilijua, na wageni walipouliza walidhani wanatukanwa. Baba alikata njia kwenye minyaa, nafasi ya mtu mmoja mwenye ndoo, na kupitia hapo mbwa alikuwa na nyumba mbili na sufuria mbili. Kwetu alilala kwenye magunia ya mashudu. Kwao alilinda. Nywele za shingoni hazikuota tena, palibaki mstari, lakini alinenepa, na alipata tabia ya kumsindikiza baba hadi barabara kuu asubuhi na kurudi peke yake kwa mwendo wa mtu mwenye kazi. Mume wa Mama Mhoja alikuja msimu mmoja wa pamba, akachukua godoro na redio yake, akaondoka. Hakuuliza habari za mbwa, na hakuna aliyemkumbusha. Mama Mhoja alianza kuuza dagaa walioletwa na ndugu zake kutoka Kalemela, na jioni niliwakuta yeye na mama bombani kama zamani, ndoo imejaa na inamwagika.

Woga wake haukuisha kwa siku moja. Kwa muda mrefu alipika chakula cha mbwa na kunikabidhi mimi nikampe, huku yeye amesimama nyuma ya mlango akichungulia. Alikuwa anauliza, "Amekula?" Nikimwambia amekula, anafunga mlango, ameridhika.

Kisha ikaja alasiri moja. Nilikuwa nimekaa kwenye njia ya minyaa nachambua mboga. Mama Mhoja alikuwa anaanika nguo kule nyuma, maana alikuwa ameanza kutumia uwanja wa nyuma, na beseni lilikuwa miguuni kwake. Mbwa akatokea kona ya nyumba. Mama Mhoja hakumwona hadi alipokuwa karibu. Nikamwona Mama Mhoja anaganda, shuka lililolowa limeshikwa kifuani, linamchuruzikia maji kwenye gauni. Mbwa naye akasimama.

Mbwa akasogea, akamnusa vidole vya mguu, akapanda na pua hadi kwenye lile kovu la chini ya goti. Mama Mhoja alifumba macho. Kisha, kwa sauti nyembamba ya mtu anayekutana njiani na mzee wa heshima na hajui lingine la kufanya, akamsalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila," akasema.

Mbwa akamzunguka mara moja, akajilaza kwenye kivuli chake, akapumua kwa nguvu. Mama Mhoja akafumbua jicho moja, akatazama chini. Halafu akalitandaza shuka kwenye kamba, taratibu, bila kuinua miguu, asije akamkanyaga.